Kidonge cha kila siku cha saratani ya damu: jinsi ya kukitumia kwa usalama nyumbani

Wengi wetu tukisikia mtu anatibiwa saratani tunafikiria dripu, mionzi au upasuaji. Lakini zipo saratani zinazotibiwa kwa kidonge ambacho mgonjwa anakimeza mwenyewe nyumbani, kila siku, kwa miaka mingi. Anatoka kliniki na pakiti ya dawa, anapanda basi na kurudi kijijini. Kuanzia hapo kazi ambayo hospitalini ingefanywa na muuguzi inakuwa yake na ya watu wa nyumbani kwake.

Katika makala hii tunaeleza dawa moja ya aina hiyo, imatinib, na ugonjwa unaotibiwa nayo zaidi, yaani saratani ya damu inayoitwa kwa kifupi CML. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, dawa hii imebadilisha kabisa maisha ya wenye ugonjwa huu. Pili, mafanikio yake yanategemea sana jinsi inavyomezwa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia kuelewa anachokuambia na kujua ni lini umpigie simu.

CML ni ugonjwa gani?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa mtu mwenye CML, uboho hutengeneza chembe nyeupe za damu kupita kiasi. Ugonjwa huanza taratibu. Mtu anaweza kuchoka bila sababu, kupungua uzito, kutoka jasho usiku, au kuhisi tumbo limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Hiyo ni bandama imevimba. Kwa kuwa bandama huvimba pia kwa malaria ya mara kwa mara na kwa kichocho, mtu anaweza kutibiwa magonjwa hayo kwa muda mrefu kabla ya CML kugundulika. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha tofauti.

Chanzo chake kinajulikana. Ndani ya chembe za uboho, vipande vya kromosomu namba 9 na namba 22 hubadilishana mahali. Kutokana na kosa hilo huzaliwa protini iitwayo BCR-ABL, ambayo kazi yake ni kuamuru chembe ziendelee kuzaliana bila kupumzika. Hakuna aliyemroga mgonjwa, wala ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja, kulala pamoja au kutumia choo kimoja. Kwa kawaida haurithiwi kutoka kwa wazazi.

Fikiria bomba la maji lililokwama likiwa wazi. Imatinib ni kama mkono unaoliziba. Mkono ukiwepo, maji hayamwagiki. Mkono ukiondolewa, yanaanza tena. Dawa hii iliidhinishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 2001, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Kupitia mpango wa msaada unaosimamiwa na Max Foundation, wagonjwa wa nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, wameipata bila malipo.

Kwa nini kuruka siku ni hatari

Baada ya wiki au miezi michache ya dawa, wagonjwa wengi hujisikia wazima. Tumbo linashuka, nguvu zinarudi, mtu anarudi shambani au sokoni. Hapo ndipo wengine huanza kuruka siku. Wanaona wamepona, au wamechoshwa na maudhi ya dawa, au wanataka dawa iliyobaki idumu.

Kujisikia vizuri ni alama kwamba dawa inafanya kazi. Si alama kwamba ugonjwa umeisha. Ukiacha, chembe zenye kosa zinaongezeka tena kimyakimya, bila maumivu ya kukuonya. CML isiyodhibitiwa inaweza kugeuka kuwa saratani kali ya damu, na ikifika hapo matibabu ni magumu zaidi na maisha yamo hatarini.

Mwaka 2010 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 87 waliokuwa wameshatumia imatinib kwa miaka kadhaa. Walitumia vifuniko vya chupa vyenye kifaa cha kuhesabu kila mara chupa ilipofunguliwa. Kwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi kiwango kizuri ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 94.5. Kwa waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, ulikuwa asilimia 28.4 tu.

Tuseme kwa hesabu ya nyumbani. Mwezi una siku 30, na asilimia 10 yake ni siku 3. Yaani anayeruka siku 3 au zaidi kila mwezi, ingawa anajiona anameza dawa vizuri, yuko kwenye kundi lililopata matokeo mabaya.

Jinsi ya kumeza

Watu wazima wengi wenye CML iliyo katika hatua ya mwanzo huanza na miligramu 400 mara moja kwa siku. Daktari anaweza kuagiza zaidi au pungufu kulingana na hali yako. Fuata dozi yako, si ya jirani.

Meza wakati wa kula, pamoja na glasi kubwa ya maji. Dawa hii huuma tumbo ikikuta halina kitu. Wengi hupata nafuu ya kichefuchefu wakimeza pamoja na mlo mkubwa wa siku.

Chagua saa moja na uishike. Ukila chakula cha jioni wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi taarifa ya habari iwe kengele yako. Unaweza pia kuweka kengele kwenye simu, hata simu ndogo ya batani inayo.

Usisage wala kutafuna kidonge. Asiyeweza kumeza anaweza kukiacha kiyeyuke kwenye maji: karibu mililita 50 kwa kidonge cha miligramu 100, au mililita 200, yaani glasi moja, kwa kidonge cha miligramu 400. Koroga kwa kijiko, kisha anywe yote mara moja.

Ukisahau, meza unapokumbuka, pamoja na chakula. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, achana na iliyopita na uendelee na ratiba yako. Usimeze dozi mbili pamoja kufidia.

Ukitapika baada ya kumeza, usirudie dozi mpaka uulize kliniki.

Kwa wanaofunga Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku mara nyingi inaweza kumezwa pamoja na chakula baada ya kufuturu. Ongea na daktari wako kabla ya mwezi kuanza, hasa kama dawa inakuharisha au inakutapisha.

Angalia namba kwenye pakiti

Imatinib hutengenezwa kwa vidonge vya miligramu 100 na vya miligramu 400. Aliyeagizwa miligramu 400 akipewa vidonge vya 100 atameza vinne. Mwezi unaofuata akipewa vya 400, anapaswa kumeza kimoja tu. Asiposoma pakiti na akaendelea kumeza vinne kwa mazoea, atakuwa amemeza dozi mara nne ya ile aliyoagizwa. Na aliyezoea kimoja cha 400, akipewa vya 100 na kumeza kimoja, atakuwa amepata robo tu ya dawa yake.

Kwa hiyo kila unapochukua dawa, muulize mfamasia: “Hivi ni vya miligramu ngapi, nami nimeze vingapi?” Mwombe aandike jibu kwenye pakiti. Kama husomi vizuri, mwite kijana wa nyumbani akusomee namba kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Rangi na umbo la kidonge hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, hivyo usitegemee macho peke yake.

Dawa na vyakula vinavyogombana na imatinib

Imatinib huvunjwavunjwa na ini. Kuna vitu vinavyolifanya ini liiondoe haraka mno, dawa ikakosa nguvu. Vingine hulizuia, dawa ikajaa mwilini na kuleta madhara. Kwa sababu hiyo, mwambie kila mhudumu wa afya, hata wa duka la dawa, kwamba unatumia imatinib. Mtaje hasa unapopewa dawa hizi:

- Rifampisini ya kifua kikuu. Hupunguza sana nguvu ya imatinib. Kifua kikuu ni lazima kitibiwe, lakini madaktari wako wa pande zote mbili wanatakiwa kujua ili wapange dozi.
- Dawa za kifafa: fenitoini, karbamazepini na fenobabitoni. Nazo hupunguza nguvu ya imatinib. Usiziache mwenyewe, maana kifafa kinaweza kurudi kwa kishindo.
- Erithromaisini, klarithromaisini, na dawa za fangasi kama ketokonazoli. Hizi huongeza kiwango cha imatinib mwilini.
- Dawa za VVU. Baadhi huongeza na baadhi hupunguza. Peleka kadi zako zote mbili kliniki.
- Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ikitumika pamoja na imatinib, hatari ya kuvuja damu inaongezeka.
- Dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuumiza tumbo na kusababisha kuvuja damu, hasa chembe za kugandisha damu zikiwa chache. Hata parasetamoli, usizidishe kiwango wala usiitumie siku nyingi bila kuuliza.

Kwa upande wa matunda, epuka balungi na juisi yake. Lina kitu kinachozuia ini kuvunja dawa. Danzi nalo lina tabia hiyohiyo. Chungwa la kawaida, embe, papai na ndizi havina tatizo hilo.

Dawa za mitishamba tunazitaja peke yake kwa sababu matumizi yake ni makubwa. Mti kuwa wa asili hakumaanishi kwamba haugusi ini. Dawa ya miti shamba ikichanganywa na imatinib, daktari akaona ini limeharibika, hatajua ni ipi iliyoleta shida. Kama unatumia, sema bila aibu. Kama hujaanza, uliza kwanza.

Maudhi ya kawaida na namna ya kuyapunguza

Watu wengi hupata baadhi ya haya, hasa miezi ya mwanzo, kisha hupungua:

- Macho kuvimba asubuhi, na wakati mwingine miguu. Punguza chumvi na umweleze daktari.
- Kichefuchefu au kuharisha. Meza katikati ya mlo, kunywa maji ya kutosha, na tumia maji ya chumvi na sukari ya pakiti ukiharisha.
- Misuli kukaza, hasa usiku. Nyoosha mguu na kanda taratibu.
- Uchovu, maumivu ya mifupa, vipele vidogo.
- Kizunguzungu au macho kuona ukungu. Ukiwa hivyo usiendeshe bodaboda, gari wala mashine ya kusaga.

Jambo jingine ambalo huwashtua watu wenye ngozi nyeusi ni ngozi kupauka, usoni au mwili mzima. Majirani wanaweza kusema mtu anatumia mkorogo, au ameugua ugonjwa mwingine. Ni dawa. Protini moja inayosaidia kutengeneza rangi ya ngozi huguswa na imatinib, na mara nyingi rangi hurudi dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa. Hiyo si sababu ya kuacha dawa, lakini mwambie daktari, na jikinge na jua kali kwa kofia au mtandio.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usisubiri siku ya kliniki ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
- Damu puani au kwenye fizi isiyokata, madoa mekundu au michubuko isiyo na sababu.
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
- Uzito kuongezeka ghafla, kukosa pumzi, au kifua kubana.
- Macho kuwa ya njano, au mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi.
- Maumivu makali ya tumbo.
- Vipele vyenye malengelenge, ngozi kubanduka, au vidonda mdomoni na machoni.

Kuhusu homa, tunasisitiza. Kwetu homa ikipanda, wengi hupitia dukani kununua dawa ya malaria. Mtu anayetumia imatinib anaweza kuwa na chembe nyeupe chache za kupambana na maambukizi, na homa yake inaweza kuwa ya bakteria inayosambaa mwilini kwa saa chache. Nenda kituo cha afya, pimwa malaria, na sema mara moja: “Natumia dawa ya saratani ya damu, naomba kipimo cha picha kamili ya damu.” Malaria ikithibitika, itibiwe, na mhudumu achague dawa akijua unachotumia.

Ujauzito na kunyonyesha

Imatinib inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia anahitaji njia ya uhakika ya uzazi wa mpango, wakati wa matibabu na kwa angalau siku 15 baada ya kuacha, au zaidi kama daktari ataagiza. Asinyonyeshe akiwa kwenye dawa, maana hupita kwenye maziwa.

Wanandoa wanaotaka mtoto wasiache dawa kwa siri. Daktari anaweza kupanga nao wakati unaofaa na namna ya kufuatilia ugonjwa. Na mama akigundua ana mimba akiwa kwenye dawa, aende kliniki siku zilezile. Asijifiche wala asijiamulie mwenyewe.

Kutunza dawa na kulinda watu wa nyumbani

Weka dawa kwenye pakiti yake, mahali pakavu, pasipo joto kali. Juu ya jiko, dirishani penye jua na ndani ya gari hapafai. Iwekwe juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza, mwahishe hospitali pamoja na pakiti, hata kama anacheza kama kawaida.

Anayemsaidia mgonjwa avae glavu akigusa vidonge, au avidondoshe kwenye kifuniko bila kuvishika, kisha anawe kwa sabuni. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Matapishi yasafishwe kwa glavu na maji mengi.

Usimgawie mtu mwingine dawa yako, hata kama naye ana saratani. Imatinib hufanya kazi kwa aina chache tu za saratani zenye makosa maalumu. Vidonge vilivyobaki au kuisha muda virudishwe kwa mfamasia, visitupwe chooni wala shimo la taka ambako watoto na kuku hufika.

Dawa isikuishie njiani

Kwa sisi wa vijijini, adui mkubwa mara nyingi ni umbali na nauli. Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya wiki mbili, anza kupanga safari. Masika yakikaribia na barabara inajulikana kukatika, iambie kliniki mapema. Huenda wakakupa dawa ya muda mrefu zaidi.

Safarini, dawa ikae kwenye mkoba unaoushika, si kwenye mzigo wa juu ya basi. Dawa ikikaribia kuisha, usikate dozi nusu ili idumu. Piga simu kliniki. Na usinunue imatinib kwa mtu wa mkononi au kwenye duka lisilosajiliwa, hata kama bei ni rahisi.

Chagua mtu mmoja wa kukukumbusha, awe mke, mume, mtoto au jirani mnayeaminiana. Ajue jina la dawa, saa yake, na namba ya simu ya kliniki. Mtu mzima anaweza kubeba ugonjwa huu kimya kwa miaka asiwalemee watoto, lakini siku akizidiwa, asiwepo anayejua anatumia nini, daktari wa zamu atapoteza muda.

Vipimo na swali la kuacha dawa

Mwezi wa kwanza picha ya damu hupimwa kila wiki, mwezi wa pili kila baada ya wiki mbili, kisha kwa nafasi zaidi. Ini pia huangaliwa. Kipimo cha BCR-ABL huonyesha ugonjwa umebaki kiasi gani, na kwa kawaida hufanywa kila miezi mitatu kinapopatikana. Mashine ya GeneXpert, ileile tunayoifahamu kwa kupima kifua kikuu, ina katriji yake ya kupimia BCR-ABL.

Je, dawa itaachwa siku moja? Baadhi ya wagonjwa ambao kwa miaka kadhaa ugonjwa wao umeshuka hadi karibu kutoonekana kwenye vipimo wameacha chini ya uangalizi. Takriban nusu yao ugonjwa hurudi, wengi ndani ya miezi sita ya kwanza. Wao hupimwa mara kwa mara, na dawa hurudishwa mara tu ugonjwa unapoonekana. Anayeacha mwenyewe kijijini bila vipimo hana ulinzi huo.

Vidonge vingine vya saratani

Usichukue ratiba ya imatinib ukaitumia kwa dawa nyingine. Tamoxifen ya saratani ya matiti kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka 5, na wengine hufika 10. Anayeitumia awahi hospitali akivimba na kuumwa mguu mmoja, akikosa pumzi ghafla, au akitokwa damu ukeni isiyo ya kawaida. Capecitabine mara nyingi humezwa siku 14, kisha mgonjwa hupumzika siku 7, na kuendelea bila kupumzika ni hatari. Kila dawa ina kalenda yake. Omba iandikwe.

Kwa ufupi

- Meza kila siku, saa ileile, pamoja na chakula na maji mengi.
- Soma miligramu kila unapopokea pakiti mpya.
- Ukisahau, usimeze mbili pamoja.
- Taja imatinib kwa kila anayekupa dawa nyingine.
- Homa, damu, macho ya njano au kukosa pumzi: hospitali siku hiyohiyo.
- Usiache wala usipunguze bila daktari, hata ukijisikia mzima.

Hifadhi namba ya kliniki yako kwenye simu kwa jina ambalo kila mtu nyumbani atalitambua, na uiandike pia kwenye karatasi ukutani. Simu huisha chaji, karatasi haiishi.